Video Shirikishi katika Elimu ya Sayansi za Afya: Swali Linaporudi kwa Mwalimu

Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kukuta makala kuhusu mafunzo ya madaktari na wauguzi katika kijarida cha idara ya Kiswahili. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, wanafunzi wa tiba, uuguzi na ukunga huja kwetu kujifunza Kiswahili cha mawasiliano, na kile wanachokutana nacho katika vitivo vyao kinatuhusu. Pili, teknolojia ambayo wenzetu wa sayansi za afya wameitumia kwa zaidi ya miaka sitini, yaani video inayomwezesha mwanafunzi kuuliza na kujibu badala ya kutazama tu, imetokeza swali ambalo mwanalugha ndiye anayepaswa kusaidia kulijibu: mwanafunzi huyo atauliza kwa lugha gani?

Jambo lenyewe si la anasa. Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2006, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani, ilionyesha kwamba nchi 57 zilikuwa na upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kati ya hizo, 36 zilikuwa katika Afrika kusini mwa Sahara. Upungufu wa madaktari, wauguzi na wakunga peke yao ulikadiriwa kufikia milioni 2.4. Mahali penye uhaba wa wahudumu, walimu wa kuwafunza ni haba zaidi. Daktari bingwa mmoja hawezi kuwa wodini Gulu, Mbale na Mbarara kwa saa ileile. Ndiyo maana vyuo vingi vimeitazama video kama njia ya kumgawa mwalimu mmoja kwa wanafunzi wengi.

Makala haya yanaeleza video shirikishi ni nini, ilikotoka, kwa nini mahali pengine ilishika mizizi na pengine ikabaki kuwa kifaa kilichofunikwa kitambaa, na sisi walimu wa lugha tuna nafasi gani ndani yake. Hoja yetu ni moja: kinachofundisha katika teknolojia hii si picha, bali ni swali la mwanafunzi linalorudi kwa mwalimu. Pale njia ya kurudisha swali ilipojengwa vizuri, teknolojia ilipokewa. Na njia hiyo haijengwi kwa nyaya peke yake. Hujengwa kwa lugha pia.

Istilahi na maana yake

Istilahi yenyewe haijatulia. Wapo wanaosema video ya mwingiliano, wapo wanaosema video ya majibizano, na wapo wanaosema video shirikishi. Neno mwingiliano lina udhaifu wake, kwani mambo yanaweza kuingiliana bila yeyote kukusudia. Majibizano lina ladha ya ugomvi kwa wasikilizaji wengi. Sisi tumechagua shirikishi kwa kuwa linabeba wazo la mtu kuwa na sehemu yake katika tendo, ingawa tunakubali kwamba mtu anaweza kushirikishwa jambo kwa kuambiwa tu. Wasomaji wenye pendekezo bora wanakaribishwa.

Kwa vyovyote vile, katika elimu ya afya istilahi hiyo hujumuisha mambo matatu. La kwanza ni mkutano wa video, ambapo walio mbali huonana na kuzungumza papo kwa papo. La pili ni rekodi yenye matawi, ambapo video husimama, mwanafunzi huchagua la kufanya, na hadithi ya mgonjwa huendelea kulingana na uchaguzi wake. La tatu ni kujirekodi: mwanafunzi anazungumza na mgonjwa halisi au wa kuigiza mbele ya kamera, kisha anajitazama pamoja na mwalimu na wenzake. Katika yote matatu mwanafunzi hutenda jambo, nalo humrudia.

Ilikotoka

Mwaka 1959, mjini Omaha katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, taasisi ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu ilianza kutumia runinga ya njia mbili ili kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari uchunguzi wa wagonjwa wa neva. Wanafunzi hao walikuwa sehemu nyingine ya chuo. Kazi hiyo iliongozwa na Dkt. Cecil Wittson. Mwaka 1964 njia hiyo ilirefushwa hadi hospitali ya jimbo iliyoko Norfolk, umbali wa takriban kilomita 180. Hospitali hiyo ilikuwa mbali na mabingwa. Kwa runinga, wafanyakazi wake waliweza kuhudhuria masomo na kushauriana kuhusu wagonjwa bila kufunga safari.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya setilaiti. Mnamo Mei 1974 Marekani ilirusha setilaiti iliyoitwa ATS-6, na Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle kikaitumia kuwaunganisha wanafunzi wake wa udaktari walioko Alaska na walimu wao. Mwaka uliofuata setilaiti hiyo ilisogezwa hadi nyuzi 35 mashariki juu ya ikweta, yaani juu ya Afrika Mashariki yetu. Hata hivyo haikuja kutuhudumia sisi. Kutoka hapo ilirusha vipindi kwa India katika jaribio lililodumu kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976, likivifikia takriban vijiji 2,400 katika majimbo sita. Wanakijiji walipata masomo ya afya, kilimo na uzazi wa mpango. Lilikuwa jaribio kubwa lenye sifa zake, lakini mkondo wake ulikuwa wa upande mmoja: aliyekuwa na swali aliuliza jirani yake, si mwalimu aliyekuwa kwenye kioo. Tofauti kati ya Alaska na vijiji vya India inaonyesha kwamba kifaa kilekile kinaweza kuwa shirikishi au kisiwe.

Kwa upande wetu, katikati ya miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Memorial, kisiwani Newfoundland nchini Kanada, kiliunganishwa kwa setilaiti na Nairobi na Kampala. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Dkt. Maxwell House. Njia hiyo ilikuwa ya sauti, haikuwa na picha zinazotembea. Hata hivyo madaktari wa pande zote waliitumia kwa mihadhara na mashauriano, na hata michoro ya umeme wa ubongo ilipitishwa kwenye mkondo huohuo wa sauti. Tunautaja mradi huu kwa sababu wengi hudhani kwamba Afrika Mashariki iliifahamu elimu ya namna hii wakati wa janga la Korona tu. Sivyo. Wenzetu waliuliza na kujibiwa kupitia angani kizazi kizima kabla ya hapo, tena bila kuonana nyuso.

Mwezi Februari 2009 serikali ya India ilizindua mtandao wa elimu na tiba wa Afrika nzima, uliokuwa umependekezwa mwaka 2004 na Rais Abdul Kalam. Vyuo na hospitali katika nchi nyingi za bara hili viliunganishwa na vyuo na hospitali za India, na mihadhara ya kuwaendeleza madaktari ikawa sehemu ya kazi zake. Mwaka huohuo wa 2009, mwezi Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, na mingine ikafuata. Nchi zisizo na bahari kama Uganda na Rwanda zikapata njia ya nchi kavu kuifikia mikongo hiyo.

Nusu sekunde inayoua mazungumzo

Kwa nini mkongo wa baharini uwe habari kwa mwalimu? Jibu liko katika muda. Setilaiti za mawasiliano zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani huwa kwenye kimo cha karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti yako, ikiwa imegeuzwa kuwa mawimbi, hupanda umbali huo na kushuka umbali huo: jumla kilomita 72,000 hivi. Kwa kasi ya mawimbi ya redio, ambayo ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua kama robo sekunde. Jibu nalo huchukua robo nyingine. Basi anayeuliza husubiri nusu sekunde kabla ya kusikia hata mguno wa mwenzake, ukiacha muda wa mitambo yenyewe.

Nusu sekunde yaweza kuonekana si kitu. Lakini wanaisimu wanajua zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Tanya Stivers na wenzake ulichunguza lugha kumi za mabara mbalimbali, mojawapo ikiwa lugha ya Namibia, na ukaona kwamba kwa wastani mtu hujibu swali baada ya kama moja ya tano ya sekunde. Zinatofautiana kidogo kati ya lugha na lugha, lakini zote hukwepa ukimya mrefu na hukwepa watu kusema kwa pamoja. Sasa mtie mwanafunzi kwenye setilaiti. Mwalimu anauliza, hasikii kitu, anadhani hakueleweka, anarudia swali. Wakati huohuo jibu la mwanafunzi linafika na kugongana na marudio hayo. Wote wawili wananyamaza, wote wawili wanaanza tena. Baada ya mara tatu, mwanafunzi mwenye haya huacha kuuliza. Somo linakuwa hotuba, na video iliyoitwa shirikishi inakuwa runinga ya kawaida.

Hili si tatizo la setilaiti tu. Mtandao dhaifu wa simu huleta kuchelewa kulekule, pengine kukubwa zaidi. Dawa yake ni utaratibu wa zamu: mwalimu amtaje anayeulizwa kwa jina la mtu au la kituo, ahesabu tatu kimoyomoyo kabla ya kurudia, na anayemaliza kusema atoe ishara ya kumaliza. Watu wa redio za upepo walilijua hilo zamani, nasi tukifundisha isimu-jamii tunaweza kulieleza vizuri kuliko fundi wa mitambo.

Kujiona mwenyewe

Aina ya tatu ya video shirikishi ina undugu na kazi yetu. Mapema katika miaka ya 1960, walimu wa Chuo Kikuu cha Stanford walibuni ufundishaji mdogo: mwanafunzi wa ualimu anafundisha somo la dakika chache mbele ya kundi dogo, anarekodiwa, anajitazama, kisha anafundisha tena. Wengi wetu tumepitia mbinu hiyo. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1963, Dkt. Howard Barrows mjini Los Angeles alianza kumtumia mgonjwa wa kuigiza, yaani mtu mzima wa afya aliyefunzwa kuonyesha dalili za ugonjwa, ili wanafunzi wajaribiwe bila kumchosha mgonjwa halisi.

Mbinu hizo mbili zilikutana. Nchini Uingereza, Peter Maguire na wenzake walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba wanafunzi wa udaktari waliorekodiwa wakimhoji mgonjwa, kisha wakapewa mrejesho juu ya rekodi zao, walihoji vizuri kuliko wale waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Mwaka 1986 walichapisha matokeo ya ufuatiliaji: baada ya miaka kama mitano, madaktari waliopata mrejesho bado walikuwa wakiwapita wenzao. Ni matokeo machache katika elimu yanayodumu hivyo, nayo hayahitaji mitambo ya ajabu, bali rekodi na mtu wa kuijadili.

Rekodi yenye matawi ilikuja na santuri za video katika miaka ya 1980. Upande mmoja wa santuri uliweza kubeba picha 54,000, na mashine iliweza kurukia picha yoyote. Shirika la moyo la Marekani lilikuwa na mfumo uliobuniwa na David Hon wa kufundisha kuokoa mtu ambaye moyo wake umesimama: sanamu yenye vihisio iliunganishwa na video, ukikandamiza kifua vibaya, mwalimu wa kwenye kioo alikusahihisha papo hapo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo nayo ilikuwa na mradi ulioongozwa na William Harless, ambapo mwanafunzi alimhoji mgonjwa wa kwenye video kwa sauti yake mwenyewe. Santuri hizo zimetoweka. Gharama zake zilikuwa kubwa na kila somo lilidai matengenezo marefu. Wazo lake limebaki, na leo linapatikana kwenye kompyuta na simu.

Mifano miwili iliyopokewa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva zilianza nchini Mali mradi wa tiba na elimu kwa njia ya mtandao uliokuja kuitwa RAFT, kisha ukaenea katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa, Burundi ikiwemo. Wakati huo mikutano ya video katika nchi tajiri ilihitaji kwa kawaida njia ya kilobiti 384 kwa sekunde. Mradi wa RAFT ulijengwa kufanya kazi kwa takriban kilobiti 30. Uliwezaje? Kwa kupanga vipaumbele. Sauti ya mwalimu ilitangulia, slaidi zikafuata zikiwa safi, sura ya mwalimu ikawekwa katika kidirisha kidogo, na wanafunzi waliuliza kwa kuandika. Na masomo hayakutoka Geneva tu. Hospitali za Afrika nazo zilifundisha, kwa kuwa daktari wa Bamako anajua mambo ya malaria ambayo wa Geneva hayajui.

Mfano wa pili ni wa New Mexico. Mwaka 2003 Dkt. Sanjeev Arora, bingwa wa maradhi ya ini, aliona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisubiri miezi minane kumwona. Alianzisha mradi wa ECHO. Ufikirie kama gurudumu la baiskeli: kitovuni wako mabingwa wa chuo kikuu, na mwisho wa kila spoki yuko mhudumu wa kituo cha mbali. Kila wiki hukutana kwa video. Bingwa anatoa mada fupi. Kisha wahudumu wa vituoni, mmoja baada ya mwingine, wanaeleza visa vya wagonjwa wao bila kutaja majina, na wote wanashauriana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya wagonjwa 407, waliopona katika kliniki ya chuo kikuu walikuwa asilimia 57.5, waliopona mikononi mwa wahudumu wa vituo 16 vya jamii na magereza 5 walikuwa asilimia 58.2. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa mbali hakupungukiwa kitu kwa kutibiwa karibu na kwake. Mwaka 2015 Namibia ilianza kuutumia mfumo huo kwa huduma za virusi vya Ukimwi, na nchi nyingine za Afrika zikafuata.

Tazama kinachofanana katika mifano hii. Mmoja ulikuwa na picha duni, mwingine picha nzuri. Mmoja ulikuwa wa maandishi, mwingine wa mdomo. Lakini katika yote miwili mwanafunzi alileta kitu chake: swali au kisa.

Kwa nini pengine haikupokewa

Everett Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu kuenea kwa uvumbuzi, alitaja sifa tano zinazofanya jambo jipya lipokewe: liwe na faida kuliko la zamani, lipatane na desturi za watu, lisiwe gumu mno, liweze kujaribiwa kidogo kabla ya kulikumbatia, na matokeo yake yaonekane. Tukitumia vigezo hivyo, tunaelewa yanayotokea vyuoni.

Faida huonekana kwa mwanafunzi wa mbali haraka kuliko kwa mwalimu, ambaye mara nyingi huongezewa saa bila kupunguziwa kazi. Upatanifu hukosekana ratiba ya somo inapowekwa asubuhi, saa ambayo muuguzi ana foleni ya wagonjwa. Ugumu huzidi pale chumba kimoja chenye mitambo kinapokuwa na ufunguo mmoja na fundi mmoja, naye yuko safarini. Kujaribu kidogo haikuwezekana enzi za mitambo ya bei kubwa. Simu ya mkononi ndiyo iliyobadilisha jambo hilo. Na matokeo hayaonekani kama hakuna anayeyapima.

Janga la Korona liliondoa hiari. Vyuo vya Uganda vilifungwa Machi 2020, na walimu waliokuwa wakisitasita wakajikuta wakifundisha kwa video. Wengi walihamishia hotuba zao kwenye kioo kama zilivyokuwa. Wanafunzi walizima kamera ili kuokoa bando, wakanyamaza, na mwalimu akasema na miraba myeusi. Tusilaumu kifaa kwa hilo.

Swali linaulizwa kwa lugha gani?

Hapa ndipo tunapofika kwetu. Masomo mengi ya afya kwa video katika ukanda huu hutolewa kwa Kiingereza au Kifaransa. Muuguzi wa kituo cha afya alisoma kwa lugha hiyo na anaielewa. Lakini kuelewa na kuthubutu kusema mbele ya bingwa na wenzako kumi na watano ni mambo mawili. Tumeona katika madarasa yetu mwanafunzi aliye bubu kwa Kiingereza akiwa msemaji anapoachiwa Kiswahili. Na tumeona kinyume chake pia, kwani si kila Mganda wala kila Mrundi anakimudu Kiswahili. Hatudai lugha moja iziondoe nyingine. Tunadai kwamba mwandaaji wa somo la video aulize mapema: mshiriki wangu atalileta swali lake kwa lugha ipi, na je, kuna atakayelipokea?

Kiswahili kina nafasi ya kweli hapa. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, wapo wagonjwa kutoka mashariki ya Kongo ambao Kiswahili ndicho wanachoshiriki na muuguzi. Na Kiswahili hicho si kimoja. Mgonjwa wa Kongo anaposema fasi inauma, anamaanisha mahali panapouma, wala haombi nafasi.

Chukua neno homa. Katika kamusi ni joto la mwili kupanda kupita kiasi. Kwa Watanzania wengi ndiyo maana yake. Kwa Wakenya wengi, mwenye homa ni mtu mwenye mafua. Mhudumu anayeeleza kisa kwa video akitafsiri homa ya mgonjwa kwa neno moja la Kiingereza, ameshafanya uamuzi wa kitabibu bila kujua. Bingwa aliye mbali hana njia ya kurekebisha, kwa sababu hakumsikia mgonjwa. Presha nayo yaweza kuwa shinikizo la damu au wasiwasi wa maisha. Kichomi chaweza kuwa maumivu makali ya ubavu au ugonjwa wa mapafu. Na anayesema hajaziona siku zake ametumia tasfida ambayo mwanafunzi mgeni wa lugha anaweza kuipita bila kugundua kwamba ameambiwa habari ya ujauzito. Tasfida tunaifundisha katika fasihi na isimu-jamii. Tuipeleke na wodini.

Zoezi linalowezekana

Kwa walimu wanaotaka kuanza, tunapendekeza utaratibu huu, ambao unahitaji simu moja tu.

1. Andaa kisa cha mstari tano au sita. Mpe mwanafunzi mmoja awe mgonjwa, na umpe maneno mawili yenye utata, kwa mfano homa na presha. Anayehoji asiyajue mapema.

2. Rekodi mahojiano ya dakika tano. Simu ikae mahali inapowaona wote wawili, kwani mkao wa mhojaji nao ni lugha.

3. Tazameni pamoja. Yeyote anaweza kusema simama. Anayerekodiwa ndiye awe wa kwanza kusema alichofanya vizuri na ambacho angebadilisha. Wenzake wafuate, mwalimu awe wa mwisho.

4. Rudieni mahojiano yaleyale siku hiyohiyo. Bila marudio, mrejesho huwa lawama.

5. Mwanafunzi aeleze kisa hicho kwa dakika mbili kwa mtu asiyekuwapo, kwa simu au kwa ujumbe wa sauti. Hapo ndipo utajua kama neno la mgonjwa limefika salama.

Mtandao ukiwa dhaifu, tuma sauti peke yake na maandishi. Aidha, msirekodi mgonjwa halisi bila idhini yake iliyoelezwa kwa lugha anayoielewa. Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Idhini iliyosainiwa kwa Kiingereza na mtu asiyekijua si idhini. Kutafsiri fomu hizo kwa Kiswahili chepesi ni kazi ambayo idara kama yetu inaweza kuifanya.

Hitimisho

Tumeona kwamba video shirikishi imepita kwenye nyaya, mawimbi, setilaiti, santuri na simu, na kila mara iliyodumu ni ile iliyompa mwanafunzi nafasi ya kusema. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, lakini hawakusema kwamba kuuliza ni rahisi. Muuguzi aliye peke yake usiku na mgonjwa asiyemwelewa vizuri anahitaji mtu wa kumuuliza, njia ya kumfikia, na maneno ya kumwelezea. Wahandisi wameshughulikia njia, na vitivo vya tiba vimeshughulikia mtu. Maneno ni sehemu yetu.

Tunawaomba walimu wanaofundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa afya watuletee orodha za maneno ya wagonjwa yenye maana zaidi ya moja, pamoja na eneo yanakotumika, ili tuyakusanye na kuyagawa kwa wote.